Sehemu ya 6: Mwanamke wa pembeni ya kitanda

Mama, bibi yako alipojifungua hakuwa peke yake. Mkunga alikuwepo, na mama au shangazi pembeni akimsugua kiuno na kumpa uji. Baadaye uzazi ukahamia hospitali. Tukapata damu, dawa na upasuaji, vitu vinavyookoa maisha. Ila yule wa pembeni tukamwacha mlangoni.

Mwaka 1980 madaktari Sosa, Kennell, Klaus na wenzao walichapisha utafiti walioufanya Guatemala, kwenye hospitali ambako mama alikaa na uchungu peke yake. Baadhi ya wenye mimba ya kwanza walipewa mwanamke wa kukaa nao. Si nesi, si ndugu, hata hawakumjua. Kazi yake? Kushika mkono, kusugua mgongo, kuongea nao. Basi! Kwa waliojifungua bila matatizo, wenye mtu pembeni walichukua wastani wa saa 8.8 toka kulazwa. Wasio na mtu, saa 19.3.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mama awe leba na mtu anayemchagua mwenyewe.

Sisemi uzalie nyumbani, la hasha. Njoo hospitali, tena mapema. Ila ukiwa kliniki uliza: "Nesi, naruhusiwa kuja na mtu wangu?"

Nakiri, nilipoanza kazi nilimtoa nje mama mmoja aliyemshikilia binti yake. Niliona ananisumbua. Leo ningemvutia kiti.