Sauti ya HAL katika kompyuta za nyumbani

Mwaka 1992 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa programu ya Windows 3.1, iliyomwezesha mtumiaji kuchagua sauti ya kusikika anapoiwasha, anapoifunga au linapotokea kosa. Wapenzi wa filamu za sayansi ya kubuni walipachika humo maneno ya HAL 9000, kompyuta ya filamu ya 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, inayowaua wanaanga bila hata kupandisha sauti.

Lakini aliyesema si mashine. Ni Douglas Rain, mwigizaji wa jukwaani kutoka Canada, aliyeajiriwa kwanza kuwa msimulizi. Mwongozaji Stanley Kubrick alikuwa amemrekodi Martin Balsam, akaona sauti yake ni ya Kimarekani mno.

Kompyuta yenyewe iliwahi kuimba kweli. Mwaka 1961, katika maabara ya Bell nchini Marekani, mashine ya IBM iliimba Daisy Bell. Arthur C. Clarke, aliyeandika filamu hiyo pamoja na Kubrick, aliusikia huko, na ndio wimbo anaouimba HAL akizimwa. Sauti ile ilikuwa kavu, yenye kukwaruza. Waliotaka kompyuta yao iseme walichukua ya binadamu. Rain alifariki dunia mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 90.