Bariadi: Waliorudi Mahameni Bila Kuitwa

Kaya ya Msukuma wa zamani haikubanana na jirani. Ilizungukwa na ua wa minyaa, zizi likiwa ndani, mashamba yakianzia mlangoni, na karibu yake ngitili, malisho yaliyofungwa yasiguswe mpaka kiangazi kikali. Hivyo ndivyo watu walivyoishi Bariadi, Maswa na Meatu.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Mwaka uliofuata Operesheni Vijiji ikatikisa mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa sehemu yake hadi Simiyu ilipoanzishwa 2012. Watu walipangwa pamoja ili wafikiwe na shule, zahanati na maji. Nia hiyo siibezi. Lakini mkulima alitenganishwa na shamba lake, ngitili zikakosa mwenyewe, na makaburi ya wazee yakabaki mahameni.

Kurudi hakukupigiwa mbiu. Miaka ya 1980, amri ilipolegea, kaya moja moja ilianza kurejea ilikotoka. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza 1986, uliwahimiza wananchi kufunga ngitili upya. Katika Shinyanga ya wakati ule zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi. Baadaye zikapita 300,000, na mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kwangu mimi, sifa ya kwanza ni ya wenyeji, kwa kuwa maarifa ya ngitili yalikuwa yao kabla ya mradi wowote.

Sheria haikuwa upande wao. Mwaka 1992 Bunge lilifuta haki za kimila za ardhi zilizotangulia vijiji. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay, ilitamka kuwa haki hizo ni mali inayolindwa na Katiba. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilihalalisha ugawaji uliofanyika kati ya 1970 na 1977. Aliyekuta hame lake limegawiwa mwingine wakati huo alibaki mikono mitupu.

Linganisha na Magomeni Kota, Dar es Salaam: kaya 644 zilizoondolewa zilijulikana kwa majina, zikaahidiwa kurejea, na 2022 zikakabidhiwa maghorofa mapya. Waliohamishwa Bariadi 1974 hawakuahidiwa kurudi. Sasa mji ni makao makuu ya mkoa na unapanuka. Wazee wanaojua hame la nani lilikuwa wapi wangali hai. Wapima ardhi wawaulize kabla ya kusimika bikoni.