Kufuli Bovu la Kuuza Nje

Mapema miaka ya 1990 sheria za Marekani ziliziweka programu za kuficha ujumbe kwa fumbo katika orodha moja na silaha za kivita. Kampuni ya Netscape ikalazimika kutengeneza makufuli mawili: imara la Wamarekani, ufunguo wa biti 128, na dhaifu la wageni, biti 40. Mwaka 1995 Damien Doligez, mtafiti wa Ufaransa, alilivunja hilo dhaifu kwa siku 8 tu.

Sheria ilibana programu, haikubana kitabu. Programu ya PGP ya Phil Zimmermann ikachapwa kitabuni, ikavuka mpaka kihalali, na huko Ulaya ikarudishwa kwenye kompyuta.

Masharti yalilegezwa mwaka 2000, lakini funguo dhaifu zilisahauliwa ndani ya mitambo. Mwaka 2015 watafiti waligundua kwamba mwizi aliyejipenyeza katikati ya mawasiliano angeweza kulazimisha zitumike, hata kwenye tovuti ya NSA, shirika la ujasusi la Marekani lenyewe.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ukiamuru mgeni auziwe kufuli bovu, mwizi haulizi pasipoti kabla ya kulifungua.