Nani alikuwa na nguvu ya kuvunja ndoa katika Kongo?

Katika nchi ambamo watu wengi sana ni Wakristo, kuna swali ambalo halizeeki: je, ni vizuri Leta iruhusu talaka? Wahubiri wengine husema kwamba talaka ni jambo la kuja tu, limeletwa na sheria za kizungu na maisha ya mjini, na kwamba zamani ndoa ilikuwa ndoa. Historia ya Kongo haikubaliani nao. Ndoa zilivunjika mbele ya padri wa kwanza na mbele ya juji wa kwanza. Kilichobadilika ni mtu mwenye nguvu ya kuzivunja, na mtu aliyelipa.

Zamani nguvu hiyo ilikuwa katika mahari. Kwa Washi ilikuwa ng'ombe, kwingine mbuzi ao majembe. Mwanaume aliyechoka na bibi yake aliweza kumrudisha kwa wazazi, ao kuongeza mwingine na kumwacha wa kwanza akae tu. Mwanamke aliyetaka kutoka alikuwa na kazi nzito zaidi, kwa sababu baba yake alipaswa kurudisha ng'ombe, na mara nyingi wale ng'ombe walikuwa wamekwisha kwenda: kaka yake alikuwa amewatumia kuoa. Ndoa ya dada ilishikilia ndoa ya kaka. Kwa hiyo mwanamke aliyerudi nyumbani na alama za fimbo mgongoni aliambiwa avumilie, na aliyemwambia hivyo alikuwa baba yake mwenyewe, ambaye zizi lake lilikuwa tupu. Haifai kusema kwamba wazee hawakuwa na hekima. Baraza la familia lilisikiliza pande zote mbili, na lilipatanisha watu wengi. Lakini mara nyingi watoto walibaki kwa ukoo wa baba, na mama aliondoka mikono mitupu.

Halafu wakaja wamisionari. Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, kwenye Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na wakafundisha kwamba ndoa haivunjiki. Hapa kuna jambo ambalo halisemwi mara nyingi katika mahubiri: Kanisa lilikuwa na sheria zake za kufungua ndoa za watu wasiobatizwa, na lilizitumia. Msingi wake ni sura ya 7 ya barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorinto. Papa Paulo wa Tatu mwaka 1537, na Papa Pius wa Tano mwaka 1571, waliongeza ruhusa kwa wanaume wenye wake wengi waliotaka ubatizo: mwanaume abaki na mmoja. Kama hakumkumbuka wa kwanza, achague. Kisha ikakubaliwa pia abaki na yule aliyekubali kubatizwa pamoja naye. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilipanua ruhusa hizo kwa nchi zingine zenye hali kama hiyo. Makanisa mengi ya Kiprotestanti nayo yalikataa kumbatiza mwanaume mwenye wake wawili mpaka aache mmoja.

Na yule aliyeachwa? Alirudi kwa kaka zake, pengine na watoto, pengine bila wao. Hakuwa amekosa kitu. Hakuna aliyeita jambo hilo talaka, lakini kwake yeye lilikuwa talaka kamili, na hakuwa ameombwa maoni.

Leta ya wazungu ilikuwa na sheria mbili katika nchi moja. Dekreti ya tarehe 4 Mei 1895 ilileta ndoa ya kiraia na talaka, lakini kwa wazungu na Wakongomani wachache walioandikishwa. Ubelgiji wenyewe, nchi ya Wakatoliki, ulikuwa na talaka tangu sheria za Napoleon. Wakongomani wengine wote waliachwa chini ya mila, na tangu 1926 tribinali za kienyeji zilizotambuliwa na Leta zilihukumu mambo ya mahari na wake waliokimbia. Mwaka 1948 ikatoka dekreti ya kulinda ndoa ya mke mmoja, na ile ya 1950 ikasema kwamba ndoa za wake wengi zitakazofungwa kuanzia Januari 1951 ni bure.

Mjini, mwanamke aliyeachika alikutana na jambo lingine: kodi. Mwanamke aliyehesabiwa kuwa anaishi peke yake alitozwa, kama vile kukosa bwana ni biashara. Ng'ambo ya ziwa kutoka Uvira, katika mtaa wa Buyenzi huko Usumbura, wanawake Waislamu waliasi kodi hiyo katika miaka ya 1950, kwa sababu iliwaita wajane na walioachika kwa jina moja na makahaba. Wanawake hao wanastahili kukumbukwa zaidi ya vile wanavyokumbukwa.

Sheria moja kwa wote ilikuja tu wakati wa Zaire: Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987. Ilisema kwamba talaka hutolewa na juji, kwa ombi la bwana ao la bibi. Sharti ni kwamba ndoa iwe imeharibika kiasi cha kutotengenezeka, na kabla ya hapo juji lazima ajaribu kuwapatanisha. Kumfukuza tu bibi kwa maneno, ao kumrudisha kwa wazazi wake, hakuvunji tena ndoa mbele ya Leta. Hayo yalikuwa mageuzi makubwa, ingawa sheria hiyo hiyo ilimwacha bwana kuwa mkuu wa nyumba, na ilimhukumu bibi mwenye uzinzi kwa ukali kuliko bwana. Ilibidi kungoja sheria ya Julai 2016 ili bibi aache kuomba ruhusa ya bwana kwa mambo ya kisheria.

Nchi zingine za Kikristo zilichelewa zaidi. Italia iliruhusu talaka mwaka 1970, Ireland ilikubali kwa kura chache sana mwaka 1995, Malta mwaka 2011. Ufilipino bado unawakatalia Wakristo wake, wakati Waislamu wake wanaruhusiwa tangu 1977. Wafilipino hawajaacha kutengana. Wanatengana bila karatasi, na wenye pesa wanalipa mawakili ili ndoa itangazwe kuwa haikuwa ndoa.

Katika Kongo kufuta talaka kungerudisha nguvu kwa yule aliyekuwa nayo zamani. Kanisa linaweza kukataa kumbariki aliyeachika. Hilo ni jambo lake na waumini wake, na Katiba ya 2006 inasema Leta haina dini. Lakini juji ndiye mtu pekee ambaye mwanamke anaweza kumwendea bila kuhesabu kwanza ng'ombe wa baba yake.

Shida ni kumfikia. Vita vimetenganisha bwana na bibi kwa miaka: mmoja kambini, mwingine hajulikani alipo, ao amekwisha kuoa kwingine. Tribinali ya amani inaomba cheti cha ndoa. Wengi hawakuwa nacho kamwe, kwa sababu ndoa iliyofungwa katika familia ilipaswa kuandikishwa kwa Leta ndani ya mwezi mmoja, na wachache walifanya hivyo. Wengine walikuwa nacho, kikaungua pamoja na nyumba. Sheria inaruhusu hukumu ya kuchukua nafasi ya cheti kilichopotea, kwa ushuhuda wa wale walioona ndoa. Mashahidi hao nao walikimbia, kila mmoja kwa njia yake.