Mfumo wa kuchaji betri ya pikipiki

Mfumo wa kuchaji betri ya pikipiki ni vifaa vinavyofua umeme wakati injini inazunguka, vikaunyoosha na kuudhibiti ili utumike kwenye taa, honi na plagi, na unaobaki uingie kwenye betri. Vifaa vikuu ni vitatu: magneti na koili zake, rektifaya, na betri yenyewe. Makala hii inahusu zaidi pikipiki ndogo za cc 100 hadi 150 zinazofanya kazi ya bodaboda Kenya, Uganda na Tanzania, kama vile Bajaj Boxer, TVS na pikipiki za Kichina zilizofuata injini ya Honda CG125 ya mwaka 1976.

Historia

Kanuni ya kufua umeme kwa kuzungusha sumaku karibu na waya ilitokana na majaribio ya Michael Faraday nchini Uingereza mwaka 1831. Betri ya risasi na asidi, ambayo bado ndiyo inayofungwa kwenye pikipiki nyingi, ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Pikipiki za Uingereza zilitumia dainamo na umeme wa volti 6 kwa miongo mingi. Zilipohamia volti 12 katika miaka ya 1960, kampuni ya Lucas ilifunga dayodi ya Zener juu ya kipande cha alumini ili umeme uliozidi uishie kuwa joto. Upande wa Japani, Honda Super Cub ya 1958 ilikuwa na magneti ndani ya flaiwili, mpangilio ambao pikipiki ndogo za leo zimeurithi karibu wote.

Muundo na utendaji

Sumaku zimebandikwa ndani ya flaiwili na huzunguka pamoja na injini. Koili hufungwa zikatulia katikati yake. Umeme unaotoka ni wa AC, na volti zake hupanda kadiri mizunguko inavyoongezeka. Rektifaya huugeuza kuwa DC na kuzuia volti zisipite kiwango. Katika aina iliyozoeleka, umeme wa ziada hurudishwa bodi na kugeuka joto, ndiyo maana kifaa hiki kina mapezi na hufungwa mahali penye upepo.

Pikipiki nyingi za familia ya CG zina koili mbili za kazi tofauti: waya wa njano kwa taa na mweupe kwa chaji, huku wa kijani ukienda bodi na mwekundu ukienda betri. Taa ya mbele hupata umeme kutoka magneti bila kupitia betri. Mpangilio huu huwachanganya wengi. Taa inayofifia injini ikiachwa bila gesi na kung'aa ikipigwa resi haina ubovu wowote, ndivyo ilivyoundwa. Kinyume chake, pikipiki yenye taa kali lakini honi imekaukiwa sauti na indiketa zinawaka bila kukonyeza huwa na tatizo upande wa chaji au betri, wala si upande wa taa.

CDI, yaani vifaa vinavyotoa cheche ya plagi, nazo ni za aina mbili. Inayotumia AC huwasha pikipiki kwa kiki hata betri ikiwa imekufa kabisa, hivyo dereva anaweza kutembea miezi mingi bila kujua kwamba hachaji. Inayotumia DC humzimikia njiani.

Uchunguzi wa hitilafu

Kifaa cha lazima ni multimita, hata ya bei ndogo. Zile za kidijitali huweza kuruka namba ovyo zikiwa karibu na waya wa plagi, hasa kama plagi haina rezista, kwa hiyo husogezwa mbali kabla ya kuamini kinachosomeka.

Uchunguzi huanza kwenye betri, kwa kuwa betri mbovu huharibu kila kipimo kinachofuata. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma chini ya 12, imeisha, nayo huchajiwa nje kwanza, kwa ampea zisizozidi sana sehemu ya kumi ya ujazo wake. Betri iliyochajiwa usiku kucha na bado ikagoma kwenye volti 10.5 imepoteza seli moja kati ya sita. Hakuna chaja itakayoirudisha. Betri inayosoma vizuri lakini ikaporomoka chini ya volti 10 mara stata inapobonyezwa imechoka pia.

Kisha injini huwashwa na multimita ikiachwa kwenye tamino za betri. Kwenye resi ya wastani, volti zinatakiwa kupanda na kutulia kati ya 13.5 na 14.5. Zikibaki 12 na kitu huku zikishuka taratibu, chaji haifiki. Zikivuka 15, rektifaya haidhibiti tena: maji ya betri hukauka mara kwa mara, balbu huungua mfululizo, na asidi huacha ukungu mweupe kwenye tamino.

Kabla ya kulaumu kifaa chochote, waya hukaguliwa. Hapa ndipo hitilafu nyingi za bei nafuu zinapopatikana. Soketi ya rektifaya ikichomolewa, mara nyingi plastiki yake huwa imegeuka rangi ya kahawia kuzunguka pini moja, na waya wa njano umekuwa mgumu kama umekaangwa. Pini iliyolegea huleta joto, joto huongeza kulegea, na chaji hupotea hapo hapo. Kipimo chake ni rahisi: injini ikizunguka, volti kati ya waya wa chanya wa rektifaya na tamino ya chanya ya betri zisizidi takriban 0.3. Upande wa hasi hupimwa vivyo hivyo, kwa sababu bodi iliyopigwa rangi au kushika kutu chini ya bolti ya rektifaya haipitishi umeme ipasavyo.

Waya zikiwa sawa, soketi ya magneti huchomolewa na kupimwa kwa AC. Kwenye magneti yenye waya tatu za njano, kila jozi inatakiwa kusoma sawa na nyingine na kupanda pamoja na resi. Jozi moja ikibaki nyuma, koili imeungua. Waya hizo hazitakiwi kugusana na bodi. Kanuni hiyo haihusu pikipiki za familia ya CG, ambazo koili zake kwa kawaida huishia bodi. Koili nzima zimetupwa kwa sababu fundi alitumia kipimo cha aina moja kwa aina nyingine. Kava la magneti likifunguliwa, koili zilizoungua hutambulika kwa macho na pua: waya ni mweusi badala ya rangi ya shaba, na oili hunuka kuungua.

Rektifaya huachwa mwisho. Kipimo cha dayodi hufichua iliyokufa kabisa, lakini hakifichui ile inayofanya kazi ikiwa baridi na kugoma ikipata moto. Basi magneti na waya vikithibitika kuwa vizima, rektifaya hubadilishwa kwa nyingine ya aina ile ile. Soketi kufanana si hoja, maana mpangilio wa pini hutofautiana.

Betri inayoisha pikipiki ikiwa imelala hupimwa kwa ampea kwenye waya wa hasi, ufunguo ukiwa umezimwa. Alamu na chaja za simu ndizo washukiwa wa kwanza.

Mazoea mabaya

Zoea baya kuliko yote vijiweni ni kuchomoa tamino ya betri injini ikiunguruma ili kuona kama itazimika. Betri ndiyo inayotuliza volti za mfumo. Ikiondolewa, volti huruka na kuua rektifaya, CDI au balbu kwa sekunde chache, na mteja hulipia vifaa alivyokuja navyo vikiwa vizima. Lingine ni kununua betri mpya kila chaji inapopotea: huificha hitilafu kwa siku kadhaa, kisha betri mpya hufa kama ya kwanza.

Taa za ziada nazo hufungwa bila hesabu. Balbu ya mbele ya kawaida ni wati 35 na ya breki 21. Halojeni moja ya wati 55 hunyonya zaidi ya ampea 4, mzigo ambao magneti ndogo haikupangiwa, hasa kwenye foleni za mjini injini isipopata resi.

Pikipiki za umeme

Pikipiki za umeme hazina magneti wala rektifaya ya aina hii. Betri kuu mara nyingi hubadilishwa kituoni, kama kampuni ya Ampersand inavyofanya Rwanda na Kenya, na kifaa maalumu hushusha volti zake hadi 12 kwa ajili ya taa na honi.