Karata Dhaifu Zilizotikisa Atlanta

Leo naweka programu kando kidogo nizungumzie karata. Si zile 52 tunazochezea barazani, bali Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na Richard Garfield, mwanahisabati, na kutolewa Marekani mwaka 1993. Humo kila mchezaji huja na fungu lake mwenyewe, karata zisizopungua 60, na haruhusiwi zaidi ya nakala nne za karata moja, ukiondoa zile za ardhi ya kawaida. Unaanza na uhai 20. Ukifika sufuri, kwaheri.

Katikati ya mwaka 1996 karata iliyotawala ilikuwa Necropotence, nyeusi tii, iliyokuruhusu kulipa uhai wako ili upate karata zaidi. Wengi waliona mambo wazi kabisa: mwenye karata nyingi mkononi ndiye mshindi, na uhai ni fedha ya matumizi.

Ndipo Paul Sligh akaingia kwenye mashindano ya kufuzu kule Atlanta na fungu jekundu la kuchekesha. Mlikuwa na Dwarven Trader, kiumbe wa mana moja, nguvu 1, asiye na kipaji chochote. Mlikuwa na Ironclaw Orcs, mana mbili, nguvu 2, tena waoga: hawawezi kumzuia kiumbe yeyote mwenye nguvu 2 au zaidi. Jamani, hizi ni karata unazompa mtoto achezee! Sligh akamaliza wa pili.

Hebu tutazame injini. Kila zamu unaweza kuweka ardhi moja, na kila ardhi hukupa mana ya kulipia karata. Kwa hiyo zamu ya kwanza una mana moja, ya pili mbili, na kuendelea. Mana usiyoitumia zamu hiyo imepotea. Ni kama kiti cha matatu: kikiondoka kitupu Nairobi, huwezi kukiuza tena ukishafika Thika. Mwenye karata kubwa kubwa hukaa zamu mbili tatu akizitazama tu. Wazo la fungu lile lilikuwa kuzihesabu karata kwa bei yake, za bei ndogo nyingi, za bei kubwa chache, ili kila zamu matatu iondoke imejaa. Siku hizi wachezaji huuita mkunjo wa mana.

Lakini kwa nini karata dhaifu? Hapo ndipo niliposhika kompyuta. Ukiwa na nakala nne tu za karata nzuri ya mana moja, uwezekano wa kuiona katika karata saba za mwanzo ni asilimia 40 hivi. Ukiwa na karata 12 za mana moja, unaruka hadi asilimia 81. Sheria hairuhusi nakala 12 za ile nzuri, basi nafasi zilizobaki unazijaza na vikaragosi. Udhaifu wao ndio bei ya uhakika.

Na mpinzani mwenye Necropotence alikusaidia kazi. Kila uhai aliojilipia ulikuwa pigo usilohitaji kulipiga mwenyewe. Lightning Bolt moja, ya mana moja, huondoa uhai 3. Aliyejishusha mwenyewe hadi 6 akifurahia karata zake nyingi alikuwa umbali wa Bolt mbili kutoka kaburini.

Mwaka 1998 David Price alishinda Pro Tour ya Los Angeles kwa karata nyekundu za ukoo huohuo, na kicheko kikaisha.

Sasa jambo linalonikera. Fungu lile linaitwa Sligh hadi leo, lakini aliyelibuni ni Jay Schneider. Sligh ndiye aliyeketi mezani akacheza, na hilo si dogo. Ila mimi niliwahi kuandika programu usiku kucha, ikaja kujulikana kwa jina la aliyeionyesha kwa mteja asubuhi yake, kwa hiyo nina upande wangu katika kesi hii. Schneider mwenyewe alikuwa ameliita Geeba. Jaribu kulitaja jina hilo mbele ya wachezaji wa leo uone wangapi watakujua unazungumzia nini.