Amos Wako: Kutoka Ofisi ya Mwanasheria Mkuu hadi Kura za Busia

Wanafunzi wetu wa tafsiri wanapokutana na istilahi "Mwanasheria Mkuu" hudhani ni cheo cha mwanasheria aliyewapita wenzake kwa elimu. Nchini Kenya, hadi Katiba ya 2010, istilahi hiyo ilitaja mamlaka zaidi kuliko elimu. Mwenye ofisi hiyo alikuwa mshauri wa serikali, msimamizi wa mashtaka ya jinai, na tena mbunge kwa wadhifa wake. Aliweza kuiondoa kesi ya jinai mahakamani wakati wowote kabla ya hukumu. Jaji, pamoja na joho lake, alihukumu yale tu ambayo Mwanasheria Mkuu ameyaacha yamfikie.

Amos Wako, mzaliwa wa Busia ya Kenya mwaka 1945, alikaa katika ofisi hiyo miaka ishirini, kisha akarudi nyumbani kuomba kura. Alisomea sheria Dar es Salaam, ambako kitivo kilichofunguliwa mwaka 1961 kilikuwa kikihudumia nchi zote tatu. Akawa wakili Nairobi, na tangu 1982 hadi 1992 alikuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mauaji yanayofanywa bila kufuata sheria. Rais Moi alipomteua Mei 1991, ilikuwa haki kutarajia kwamba mtetezi wa haki za binadamu ameingia serikalini. Desemba mwaka huo kifungu cha 2A kilifutwa na vyama vingi vikaruhusiwa. Hata hivyo, nguvu za ofisi yake zilibaki zilivyokuwa, chini ya Moi na hata chini ya Kibaki. Kwa maoni yangu neno linalomfaa ni mhafidhina, si kwa itikadi ya chama bali kwa asili ya neno lenyewe: mtu wa kuhifadhi kilichopo.

Mwaka 2005 unaeleza mengi. Mwezi Mei Wako aliondoa kesi ya mauaji dhidi ya Tom Cholmondeley, wa ukoo wa Lord Delamere, aliyeshtakiwa kwa kumuua askari wa wanyamapori, Samson ole Sisina. Wamaasai waliandamana. Mwezi Agosti akachapisha rasimu ya katiba ambayo wananchi waliiita "Rasimu ya Wako". Katika kura ya maamuzi ya tarehe 21 Novemba, ndizi ilikuwa Ndiyo na chungwa likawa Hapana. Takriban asilimia 58 walichagua chungwa.

Siku tano kabla ya kura hiyo, tarehe 16 Novemba, watu wenye silaha waliizingira Mahakama Kuu ya Kampala ili washtakiwa waliopewa dhamana wasitoke. Jaji Kiongozi wa Uganda alikuwa James Ogoola, naye mzaliwa wa 1945, naye msomi wa sheria wa Dar es Salaam, naye mtu wa Busia, ila Busia ya upande wa pili, ambayo hadi 1997 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tororo. Ogoola alilaani uvamizi ule hadharani, akautungia na shairi. (Walimu wa fasihi, mnaonaje: mashairi mangapi ya majaji mmewahi kufundisha?) Sitaki kumpamba mmoja kwa kumchafua mwingine. Ogoola alikuwa na kiti cha jaji, ambacho kina kinga yake. Wako alikuwa wakili wa serikali, na mteja wake alikuwa Ikulu.

Februari 2009 mambo yalimrudia Wako kwa njia isiyotarajiwa. Philip Alston, aliyekuwa ameshika ile ile kazi ya Umoja wa Mataifa aliyowahi kuifanya Wako, alikuja Kenya kuchunguza mauaji yaliyodaiwa kufanywa na polisi, akataka Mwanasheria Mkuu aondoke. Wako hakuondoka hadi Agosti 2011, muda uliowekwa na Katiba mpya ulipokwisha. Katiba hiyo ilikabidhi mashtaka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Charles Njonjo alikuwa ameitangulia njia hiyo: Mwanasheria Mkuu hadi 1980, kisha mbunge wa Kikuyu na waziri, akaanguka mwaka 1983. Wako alitembea polepole zaidi na akafika mbali zaidi. Machi 2013 watu wa Busia, Wasamia, Wateso na wengineo, walimchagua kuwa seneta, wakamrudisha 2017. Chama chake kilikuwa ODM, kile kilichozaliwa katika kambi ya chungwa na kulifanya tunda hilo alama yake. Novemba 2019, akiwa bado seneta, Marekani ilitangaza kumzuia kuingia nchini humo kwa madai ya ufisadi. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani.

Mwaka 2022 kiti chake kilichukuliwa na Okiya Omtatah, mwandishi wa tamthilia asiye wakili, aliyejulikana kwa miaka mingi kwa kwenda mahakamani mwenyewe kuishtaki serikali.